Stanley: safari ya jina moja kutoka msitu wa Uingereza hadi Kisangani

Ukitaka kulitia jina Stanley katika Kiswahili, neno la karibu kabisa ni Maweni. Hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma inaitwa Maweni. Kuna Maweni Tanga na Maweni nyingine Mombasa, na hakuna anayedhani kwamba zote zilianzishwa na ukoo mmoja. Mahali pana mawe, watu wakapaita Maweni, basi. Stanley ilizaliwa vivyo hivyo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika vijiji vya Uingereza ambavyo havikuwa na habari na wenzao.

Kinachowachanganya watu ni yaliyofuata. Jina la mahali liligeuka kuwa jina la ukoo. La ukoo likarudi kuwa jina la mahali, safari hii upande wa pili wa dunia. Halafu likawa jina la ubatizo, na mwishowe chapa kwenye futikamba ya fundi seremala na kwenye chupa ya chai. Kila hatua ina kanuni zake, na makosa mengi hutokana na kuruka mojawapo.

Sehemu ya kwanza ya jina ni stān, yaani jiwe kwa Kiingereza cha kale, likitamkwa "staan", a ikivutwa. Ya pili ni lēah, na hii ndiyo yenye mzigo mkubwa. Mwanzoni lēah ilimaanisha msitu. Baadaye ikawa sehemu ya msitu iliyofyekwa, watu wakakaa na kulima. Kuelekea mwisho wa zama za kati ikawa malisho ya wazi. Kwa hiyo anayefasiri kila jina la namna hii kuwa "uwanda wa malisho" hukosea mara nyingi, kwa sababu majina mengi yalitungwa msitu ukiwa bado umesimama. Leo mwisho huo huandikwa -ley, -leigh, -ly, na ukisimama peke yake huwa Lee au Leigh. Mashabiki wa mpira wanautamka kila wiki bila kujua: Burnley ni lēah ya kando ya mto Brun, na Wembley ni lēah ya mtu aliyeitwa Wemba. Hati ya mwaka 825 inaitaja Wembley kwa umbo la æt Wemba lea. Hiyo æt ni "penye", na kazi yake ni ileile ya -ni katika Mbuyuni na Mkwajuni.

Msomaji makini atauliza: kama jiwe kwa Kiingereza cha leo ni stone, mbona jina si Stoneley? Jibu liko kwenye urefu wa irabu. Katika neno lililosimama peke yake, ile a ndefu ilibadilika taratibu kuwa o kuanzia kusini mwa Uingereza, stān ikawa stone. Lakini ndani ya jina la mahali konsonanti mbili zilifuatana, n na l, na mbele ya konsonanti zilizofuatana irabu ndefu ilikuwa imekwisha kufupishwa. Mabadiliko ya a kuwa o yalizigusa a ndefu tu, kwa hiyo a fupi ya Stan- ikaachwa ilivyo. Ndiyo maana tunaona Stanley, Stanton na Stansted. Hata hivyo Stoneleigh ipo, huko Warwickshire, na imejengwa kwa sehemu zilezile mbili. Na katika Yorkshire, walikohamia watu wa Skandinavia, kuna vijiji viwili vinavyoitwa Stainley: neno lao wenyewe la jiwe, steinn, lilichukua nafasi ya stān. Stanley, Stoneleigh na Stainley ni jina moja lililopita katika midomo mitatu tofauti.

Je, mawe yenyewe yalikuwa ya namna gani? Jina halisemi. Pengine udongo ulikuwa na changarawe inayosumbua jembe, pengine palikuwa na machimbo, pengine jiwe moja kubwa lililosimama mpakani. Mtaalamu wa majina haridhiki na kamusi peke yake. Hutazama ardhi, na pale ambapo ardhi haitoi jibu husema "penye mawe" akaishia hapo.

Kwa kuwa maelezo ni ya kawaida mno, Stanley ziko nyingi: Derbyshire, Durham, Staffordshire, Wiltshire, Yorkshire na kwingineko. Kitabu cha Domesday, ile orodha ya ardhi na kodi iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, kinazitaja baadhi yake kwa tahajia kama Stanlei. Huko Gloucestershire kuna Stanley mbili zinazopakana, na watu walihitaji kuzitofautisha. Moja ikawa King's Stanley kwa kuwa shamba lake kuu lilikuwa mali ya mfalme. Nyingine ikawa Leonard Stanley, kutokana na Mtakatifu Leonard, msimamizi wa kanisa la watawa waliokuwa pale. Leonard huyo, basi, si mwanakijiji wala mwanzilishi. Anayelisoma jina hilo kama la mtu wa kawaida, jina la kwanza na la ukoo, amelipindua.

Hapa ndipo ilipo kanuni kuu ya kazi hii: umbo la leo si ushahidi, tahajia ya zamani kabisa inayopatikana ndiyo ushahidi. Mfano mzuri ni Stamford Bridge. Kijiji cha jina hilo huko Yorkshire, palipopiganwa vita maarufu mwaka 1066, kweli kina stān ndani yake: ni daraja la kwenye kivuko cha mawe. Lakini uwanja wa Chelsea, London, umepata jina lake kwa njia nyingine. Umbo la zamani linalotajwa ni Samfordesbrigge, na wataalamu husoma humo sand, mchanga: daraja la kwenye kivuko cha mchanga. Herufi zikabadilika kidogokidogo mpaka majina mawili tofauti yakafanana kabisa. Tena si kila -ley ni lēah. Bewdley, mji wa Worcestershire, ni Kifaransa cha kale, beau lieu, "mahali pazuri", kilichoandikwa jinsi masikio ya Waingereza yalivyokisikia. Hata Lee, ambayo kwa Mwingereza mara nyingi ni lēah, kwa familia yenye asili ya Kichina ni jina lao wenyewe lililoandikwa kwa herufi za Kilatini.

Sasa tuone mahali palivyogeuka ukoo. Baada ya Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, wenye ardhi walianza kujitambulisha kwa mali zao: William de Stanley, yaani William wa Stanley, mwenye Stanley. Mtu wa kawaida alipata jina hilohilo kwa njia iliyo kinyume. Akiwa bado kijijini, kumwita "wa Stanley" hakusaidii chochote, maana kila jirani yake ni wa Stanley. Jina lilimkamata alipohama, akafika mji mwingine, watu wakataka kumtofautisha na akina William wengine. Pwani yetu tunalijua jambo hili vizuri kupitia nisba za Kiarabu: al-Lamy huitwa hivyo na watu wasio wa Lamu. Kwa hiyo jina la ukoo linalotokana na kijiji huonyesha mahali ambapo mhenga aliondoka, si lazima pale ukoo ulipokuja kuwa mkubwa.

Kufikia mwaka 1400 hivi, familia nyingi za kusini mwa Uingereza zilikuwa zikirithisha majina ya ukoo, kaskazini wakachelewa. Ile de ya Kifaransa ikadondoka. Na kwa kuwa vijiji vya Stanley vilikuwa vingi, wahenga walioondoka navyo walikuwa wengi pia. Haupo ukoo mmoja wa Stanley. Watu wawili wenye jina hilo wanaweza wasiwe na babu wa pamoja hata ukirudi miaka 800. Tahajia nazo haziwatengi wala kuwaunganisha: Stanley, Standley na Stanly zinaweza kutokea katika familia moja, ndani ya daftari moja la parokia, kwa sababu aliyeandika alikuwa karani naye alifuata sikio lake.

Ukoo mmoja, hata hivyo, uliwafunika wengine wote kwa umaarufu. Ulitokana na Stanley ya Staffordshire, karibu na mji wa Leek, nao ulikuwa tawi la familia ya Audley. Audley nayo ni jina la mahali lenye lēah, iliyokuwa ya mwanamke aliyeitwa Aldgyth. Thomas Stanley alikuwa baba wa kambo wa Henry Tudor, na baada ya vita vya Bosworth mwaka 1485, Henry alipotwaa ufalme, alimpa cheo cha Earl wa Derby. Tangu hapo kila mkuu wa ukoo ana majina mawili mkononi, la ukoo na la cheo, na yote mawili yametapakaa. Mbio za farasi za Epsom zilizoanza mwaka 1780 ziliitwa Derby kwa jina la Earl wa 12, na wengi huliunganisha na mbio hizo neno dabi tunalolitumia Simba na Yanga wanapokutana. Hata baa za Uingereza zinazoitwa "Tai na Mtoto" zimebeba alama ya ukoo huu.

Kutoka kwa ukoo huu jina lilianza kurudi ardhini, na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Stanley, makao makuu ya visiwa vya Falkland, haina uhusiano na mawe wala na msitu uliofyekwa. Imepewa jina la Lord Stanley, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840, baadaye akawa Earl wa 14 wa Derby na waziri mkuu mara tatu. Stanley ya Tasmania na Stanley ya Hong Kong ni zake pia. Ile ya Hong Kong wenyeji wanaiita kwa Kichina jina lenye maana ya "nguzo nyekundu", na hilo si tafsiri ya Stanley hata kidogo. Majina mawili yanakaa juu ya ardhi moja bila kujuana. Frederick, mwana wa Lord Stanley huyo, alikuwa gavana mkuu wa Kanada kuanzia 1888 hadi 1893, naye ndiye wa Stanley Park ya Vancouver na wa kombe la hoki ya barafu, Stanley Cup. Huko Perthshire, Uskoti, kijiji cha Stanley kilipata jina kutokana na bibi wa ukoo huu, Amelia Stanley, aliyeolewa na bwana wa Atholl. Ndani ya Uingereza kwenyewe mitaa na bustani nyingi za Lancashire ni za jina hilo. Timu ya Accrington Stanley imelichukua kwenye Stanley Street, mtaa wa mji wake.

Kwa hiyo, ukikutana na Stanley yoyote kwenye ramani, swali la kwanza ni la tarehe. Kama jina limo katika maandishi ya zama za kati, uwezekano mkubwa ni mawe na lēah. Kama limeanza karne ya 17 na kuendelea, mtafute mtu.

Mtu tunayemjua zaidi Afrika Mashariki na Kongo ni Henry Morton Stanley, na yeye hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikishwa kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alifika New Orleans mwaka 1859. Mwenyewe alisimulia kwamba mfanyabiashara wa pamba aitwaye Henry Hope Stanley alimchukua kama mwana na kumpa jina lake. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka hadithi hiyo ya kulelewa, lakini chanzo cha jina hakibadiliki: ni la mfanyabiashara huyo, si la baba wala babu. Morton aliliongeza baadaye, nalo pia ni jina la vijiji vya Uingereza, kutokana na mōr, kinamasi au nyika, na tūn, kijiji.

Jina hilo la kuchukuliwa ndilo lililobandikwa juu ya mto Kongo. Maporomoko ya Boyoma yakaitwa Stanley Falls, lile panuko kubwa la mto mbele ya Kinshasa likaitwa Stanley Pool, na kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 kikakua kuwa Stanleyville. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa rasmi Kisangani. Boyoma imerudi, na Pool sasa ni Malebo. Kwenye Rwenzori jina limebaki: mlima Stanley, wenye kilele cha mita 5,109 mpakani mwa Uganda na Kongo, uliitwa hivyo na Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alipoupanda mwaka 1906.

Watu wa Kongo ya chini nao walimpa jina lao. Alipokuwa akimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akikata barabara ya kuyazunguka maporomoko kutokea kituo cha Vivi, miamba ilivunjwa kwa nyundo kubwa, wakamwita Bula Matari. Kwa Kikongo ni bula matadi: bula ni kuvunja, matadi ni mawe. Baadaye jina hilo halikuwa tena la mtu, likawa la dola lenyewe la kikoloni, pamoja na kazi za shuruti na viboko vyake, na wazee waliposema Bula Matari walimaanisha serikali. Kwa hiyo Stanley, jina lenye jiwe ndani yake, lilikutana na jina jingine lenye jiwe ndani yake, na yaliyowakutanisha ni sadfa tupu. Hakuna aliyefasiri lingine. Na Matadi, bandari kuu ya Kongo, maana yake ni mawe, kama Maweni ya Kigoma.

Sasa kwa anayetaka kulichunguza jina mwenyewe, liwe Stanley au jingine la Kiingereza. Anza na mtu aliye karibu nawe kisha urudi nyuma, usianze na kijiji ukashuka. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo Uingereza na Wales ulianza Julai 1837, wa Uskoti mwaka 1855. Sensa za kila miaka kumi zinataja watu kwa majina kuanzia 1841, na ile ya 1881 ndiyo inayotumiwa zaidi kuchora ramani ya ukoo upi ulijazana wapi. Kabla ya hapo ni vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya parokia, vilivyoamriwa kuanza mwaka 1538, ingawa parokia nyingi zimepoteza vya mwanzo. Nyuma zaidi kuna orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Ukishafika wilaya ambako ukoo umekusanyika, hapo ndipo utafute kijiji chenye jina hilo jirani, na tahajia zake za kale katika vitabu vya chama cha majina ya mahali cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1923 na kinachotoa vitabu mkoa kwa mkoa.

Kazi huharibika pale mtu anapokuta Stanley wa kwanza maarufu kitabuni akajiunganisha naye. Huharibika pia anaponunua "nembo ya ukoo wa Stanley" kwa fedha nzuri. Nembo Uingereza hupewa mtu na wazao wake halali, haipewi jina. Mwenye jina bila ukoo hana haki nayo. Familia nyingi za Waafrika wa Marekani zina majina ya Kiingereza yaliyotoka kwa waliowatumikisha wahenga wao, au waliyojichagulia baada ya uhuru, na hapo nasaba ya jina na nasaba ya damu huachana kabisa. Na Stanley wa Chicago anaweza kuwa mjukuu wa Mpolandi aliyeitwa Stanisław, aliyechukua jina la Kiingereza lililofanana kwa sauti. Stanisław ni Kislavi, halina jiwe ndani yake. Kwetu, Stanley wengi ni jina la ubatizo, kisha watoto wakalipokea kama jina la pili.

Jaribu hatua hizo kwa Livingstone. Ukilisoma kwa umbo la leo unaona "jiwe lililo hai", na mahubiri mengi yameligusa hivyo. Lakini Livingston, mji wa Lothian huko Uskoti, katika hati za Kilatini za karne ya 12 ni villa Leving, kijiji cha mtu aitwaye Leving. Baadaye ikawa Levingestoun. Hiyo -stone ni s ya umilikaji ikifuatwa na -ton, kijiji. Hamna jiwe. Daktari David Livingstone mwenyewe aliliandika bila e ya mwisho mpaka utu uzimani. Nenda hatua moja zaidi, kwenye ukoo wake: babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Uskoti, na akina Livingstone wa pande zile walikuwa wasemaji wa Kigaeli wa ukoo wa MacLeay waliojitwalia jina la Kiingereza. Milima ya Livingstone juu ya Ziwa Nyasa na mji wa Livingstone wa Zambia vimebeba jina la kijiji ambacho ukoo wa daktari haukutoka. Mwaka 1871, pale Ujiji, walipoamkiana yule Stanley na yule Livingstone, hakuna kati yao aliyekuwa na mhenga wa Stanley wala wa Livingston.